Moyo wa mtoto kiganjani mwa daktari: Miwani inayobadili namna ya kusoma picha za vipimo

Huenda umewahi kukaa mbele ya daktari akainua filamu nyeusi kwenye mwanga, akagusa doa fulani kwa ncha ya kalamu na kukwambia, "Tatizo liko hapa." Ukaitikia kwa kichwa. Lakini kusema kweli, hukuona kitu. Uliona weusi, weupe na kijivu. Baada ya hapo ukapewa fomu ya ridhaa, ukasaini, na mwanao akapelekwa chumba cha upasuaji.

Usijilaumu. Picha zile si rahisi kusomeka. Daktari bingwa wa radiolojia hutumia miaka kadhaa baada ya shahada yake ya kwanza kujifunza kuzisoma. Hata madaktari wa upasuaji, ambao huzitazama kila siku, hulazimika kufanya kazi kubwa kichwani ili kuibadilisha picha bapa kuwa kiungo chenye unene, mgongo, tumbo na mishipa inayopita nyuma yake.

Leo tuzungumzie teknolojia inayopunguza kazi hiyo: miwani ya uhalisia pepe. Ni ile miwani mikubwa inayofunika macho yote, ambayo vijana wengi wanaijua kwenye michezo ya kompyuta. Hospitalini inatumika kwa jambo zito zaidi. Daktari huivaa, akaona mbele yake moyo, ubongo au figo ya mgonjwa fulani, kisha akanyoosha mikono na kukishika kiungo hicho, kukigeuza, kukipanua na hata kukipasua, bila mgonjwa mwenyewe kuguswa.

Picha yenyewe hutoka wapi?

Kabla ya miwani kuna kipimo. Miwani haipimi chochote. Inaonyesha tu kile ambacho mashine nyingine imekwisha kukipiga picha.

Historia yake ni fupi. Novemba 1895, mwanafizikia wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua miale ya eksirei. Moja ya picha zake za mwanzo ilikuwa ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana pamoja na pete kidoleni. Eksirei ilikuwa ya ajabu, lakini ina upungufu mmoja: inalaza kila kitu kwenye karatasi moja. Mbavu, moyo na mapafu vyote hupandana, kama kivuli cha mtu ukutani.

Mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine tunayoiita leo CT-Scan. Aliyeitengeneza ni Mwingereza Godfrey Hounsfield. Sehemu ya hesabu zilizohitajika ilikuwa imekwisha kufanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kipimo hiki kina mizizi Afrika pia.

CT-Scan hufanya nini? Fikiria mkate wa slesi. Ukiutazama mkate mzima kwa nje huwezi kujua kama ndani kuna sehemu haikuiva. Ukitoa slesi moja moja utaiona. CT-Scan inaukata mwili kwa slesi za picha, nyingine nyembamba kuliko milimita 1. MRI nayo hutoa picha za slesi, ila inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio badala ya miale ya eksirei.

Kipimo kimoja kinaweza kuwa na mamia ya slesi. Kompyuta ikizipanga tena moja juu ya nyingine, mkate unarudi kuwa mzima. Mtaalamu huchora mipaka: hapa ni mfupa, hapa ni mshipa wa damu, hapa ni uvimbe. Kila kimoja hupewa rangi yake. Hicho ndicho daktari anachokiona ndani ya miwani.

Kwa nini kukishika ni bora kuliko kukitazama?

Unapokwenda sokoni kununua papai, hulitazami kwa mbali ukaondoka nalo. Unalichukua, unaligeuza chini juu, unalipapasa, unaangalia kikonyo chake. Kwa sekunde chache mikono na macho yako vimekwambia mambo ambayo picha 10 za papai hilo zisingekwambia.

Kwenye kompyuta ya kawaida daktari hana nafasi hiyo. Ana kipanya ambacho huenda mbele, nyuma, kushoto na kulia tu, na kioo ambacho ni bapa. Akitaka kuona nyuma ya uvimbe lazima abonyeze vitufe, abadilishe pembe, apitie slesi 40 kwenda juu na 40 kurudi chini, huku akikumbuka kichwani mshipa ulipita wapi.

Ndani ya miwani mambo hurahisika kwa sababu mbili. Kwanza, kila jicho huonyeshwa picha yake, zikitofautiana kidogo, kama macho yetu yanavyoona vitu kila siku. Tofauti hiyo ndogo ndiyo huupa ubongo taarifa ya umbali na kina. Pili, kamera ndogo zilizo kwenye miwani hufuatilia mikono na kichwa. Daktari akikunja vidole kama anayeshika chungwa, moyo ulio mbele yake unashikika. Akizungusha kiganja, unazunguka. Akitenganisha mikono, unakua mpaka anaweza kuingiza kichwa ndani ya chumba cha moyo na kutazama tundu lilipo, ukubwa wake na valvu iliyo jirani.

Hahitaji kukariri vitufe. Anatumia ufundi aliojifunza tangu utotoni, uleule anaoutumia mtoto mdogo anapookota kijiko na kukigeuzageuza.

Mtoto wa Miami na kasha la karatasi

Kisa kilichowafanya wengi waitazame teknolojia hii kwa jicho jipya kilitokea Marekani mwishoni mwa mwaka 2015. Mtoto wa kike wa miezi 4 alikuwa amezaliwa na pafu moja tu na nusu ya moyo. Moyo huo wenyewe ulikuwa umesogea mno upande wa kushoto wa kifua. Alikozaliwa, wazazi waliambiwa hakuna la kufanya, wampeleke nyumbani na wamtunze kwa siku zilizobaki.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wazazi wale hawakukata tamaa. Walitafuta maoni mengine, na picha za mtoto zikafika katika hospitali ya watoto ya Nicklaus, jijini Miami, kwa daktari wa upasuaji wa moyo Redmond Burke.

Burke alitaka kutengenezewa mfano wa moyo ule kwa mashine ya kuchapa maumbo, lakini mashine ya hospitali ilikuwa mbovu. Mwenzake, Dk Juan Carlos Muniz, akapata njia nyingine. Aliziweka picha za mtoto kwenye simu, akaichomeka simu ndani ya Google Cardboard, yaani kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo bei yake haikuzidi dola 20 hivi.

Burke alipolivaa kasha lile na kugeuza kichwa, aliweza kuuzunguka moyo wa mtoto pande zote na kuona ulivyokaa ukilinganisha na mbavu. Hapo ndipo alipotambua kuwa anaweza kuufikia kwa kupasua katikati ya kifua, badala ya kukata kifua chote kuvuka upande hadi upande, njia yenye maumivu zaidi na inayochelewa kupona. Desemba 2015 alifanya upasuaji, na mtoto aliyekuwa amerudishwa nyumbani akafe akapata nafasi ya kuishi.

Zingatia hili: si miwani iliyomponya mtoto yule. Aliyemtibu ni daktari mzoefu na timu yake. Miwani ilimpa daktari uhakika wa njia kabla hajagusa kisu.

Na jambo hili linatuhusu. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo ya aina fulani. Kwa baadhi tundu huziba lenyewe, kwa wengine inahitajika dawa au upasuaji. Hakuna mioyo miwili yenye hitilafu inayofanana kabisa, ndiyo maana kuuona moyo wa mtoto huyu, wala si mchoro wa kitabuni, kuna thamani kubwa.

London na Rio ndani ya chumba kimoja

Mwaka 2022 teknolojia hii ilitumika katika moja ya kazi ngumu kuliko zote za upasuaji: kuwatenganisha pacha walioungana vichwa. Walikuwa wavulana wa Brazili wenye umri wa miaka 3, na mishipa muhimu ya ubongo walikuwa wakiitumia kwa pamoja. Majaribio ya awali ya kuwatenganisha yalikuwa yameacha makovu yaliyozidi kuongeza hatari.

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kwa watoto, Noor ul Owase Jeelani wa hospitali ya Great Ormond Street ya London, alishirikiana na Dk Gabriel Mufarrej na wenzake wa Rio de Janeiro. Kwa miezi kadhaa timu hizo ziliandaa mfano wa vichwa vya watoto hao kutokana na picha za CT-Scan na MRI. Madaktari walio London na walio Rio walivaa miwani kila mmoja akiwa nchini kwake, wakakutana ndani ya chumba kimoja cha kubuni, wakafanya mazoezi ya upasuaji pamoja. Mmoja akinyoosha kidole kwenye mshipa, mwenzake aliye ng'ambo ya bahari anauona.

Upasuaji halisi ulifanyika kwa hatua 7. Hatua za mwisho peke yake zilichukua zaidi ya saa 27, na watumishi wa afya waliohusika walikaribia 100. Pacha wakatenganishwa.

Faida ya mazoezi ya namna hii ni moja ambayo kila mzazi ataielewa: ukikosea kwenye miwani, unafuta na kuanza upya. Chumba cha upasuaji hakina kufuta.

Mikono safi, picha karibu

Kuna sababu nyingine ya kutafuta njia ya kushughulikia picha bila kipanya. Daktari wa upasuaji akishanawa na kuvaa glavu, haruhusiwi kugusa kitu chochote kisichotakaswa. Kibodi na kipanya ni maskani ya vijidudu. Akitaka kuangalia tena picha katikati ya upasuaji ana njia mbili: amwagize mwingine, "sogeza juu kidogo, hapana, rudi," au atoke, aguse kompyuta, kisha anawe upya huku mgonjwa amelala kifua wazi.

Baada ya Microsoft kuingiza sokoni kamera ya michezo iitwayo Kinect mwaka 2010, madaktari wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, Kanada, waliitumia kuongoza picha za wagonjwa kwa kupunga mikono hewani, bila kugusa kitu.

Siku hizi kuna pia miwani yenye vioo vinavyopitisha mwanga. Daktari anamwona mgonjwa halisi, na juu yake anaona picha ya CT-Scan imelala mahali pake. Juni 2020, madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, waliitumia miwani ya aina hiyo kuweka skrubu kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, bila kulazimika kugeuka kila mara kutazama kioo cha pembeni.

Mgonjwa naye anavaa

Miwani hii haiishii kwa daktari. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wagonjwa wa ubongo wamekuwa wakivalishwa miwani na kutembezwa ndani ya picha ya ubongo wao wenyewe kabla ya upasuaji. Mgonjwa anaona uvimbe uko wapi, daktari atapita njia gani na kwa nini. Akija kusaini fomu ya ridhaa, anajua anachokiridhia.

Kwa watoto kuna matumizi mengine. Mashine ya MRI ni kama pipa, ina kelele kubwa, na mtoto anatakiwa kutulia kwa dakika nyingi. Wengi huogopa na kulia, ikabidi wapewe dawa ya usingizi. Hospitali ya King's College ya London ilitengeneza programu ya simu inayomwezesha mtoto, akiwa nyumbani na kasha la karatasi usoni, kuona safari nzima ya kipimo hicho: mapokezi, chumba, kitanda kinavyoingia ndani na mlio wenyewe. Siku ya kipimo anakuta mahali anapopajua.

Usichokitarajie kwenye miwani

Sasa tuseme na upande wa pili.

Kwanza, miwani haiongezi ubora wa kipimo. Kama mtoto alitikisika wakati wa kupigwa picha, ukungu ule utaonekana vilevile ndani ya miwani, tena ukiwa na rangi nzuri za kudanganya macho. Na aliyechora mipaka ya uvimbe akikosea, mfano nao utakosea. Ndiyo maana usomaji wa slesi moja moja unaofanywa na daktari wa radiolojia unabaki kuwa msingi wa majibu yako.

Pili, mwili haukai tuli. Moyo unadunda, mapafu yanapanda na kushuka, ubongo unasogea kidogo fuvu likifunguliwa. Picha ilipigwa jana. Upasuaji ni leo.

Tatu, katika mifumo mingi mikono inashika hewa. Daktari haoni uzito, wala hahisi ulaini wa nyama au ukakamavu wa kovu. Baadhi ya watu huona kizunguzungu na kichefuchefu wakikaa na miwani muda mrefu. Mwenye kifafa amweleze daktari kabla ya kuivaa.

Nne, usiombe CT-Scan kwa ajili tu ya kupata picha ya kuvutia. Eksirei moja ya kifua hutoa kiasi cha milisivati 0.1 ya mionzi. CT-Scan ya tumbo inaweza kufika milisivati 8 hadi 10, sawa na mionzi ya asili anayoipata mtu kwa miaka mitatu au minne. Ikihitajika, faida yake ni kubwa kuliko madhara. Isipohitajika, hasa kwa mtoto, haina sababu. MRI na altrasaundi hazitumii mionzi hiyo.

Tano, mtu akikwambia atakuvalisha miwani na kuona ugonjwa wako bila kipimo chochote, huyo hasemi kweli.

Wewe ufanye nini?

Huenda hospitali unayotibiwa haina miwani hii. Hilo lisikunyime lile lililo la maana zaidi, nalo ni kuielewa picha ya mwili wako au wa mwanao kabla ya kukubali tiba. Mambo haya unaweza kuyafanya leo:

Omba nakala ya picha, si majibu ya karatasi pekee. Vituo vingi hutoa CD yenye slesi zote. Itunze mahali pakavu pamoja na kadi ya kliniki, na uende nayo ukipewa rufaa. Picha zile zinaweza kusomwa na daktari mwingine, hata wa nchi nyingine, kama zilivyosomwa za mtoto wa Miami. Pia zinaweza kukuepusha na kurudia kipimo, gharama na mionzi.

Mwombe daktari akuonyeshe kwenye kompyuta, si kwenye filamu tu. Programu nyingi za hospitali zinaweza kuziunganisha slesi na kuonyesha kiungo kikiwa na umbo kamili. Ikishindikana, mwombe achore. Mchoro wa kalamu wa dakika 2 umewasaidia wazazi wengi.

Uliza maswali haya matano kabla ya kusaini. Tatizo liko wapi hasa? Kawaida mahali hapo panaonekanaje? Mtapita njia gani kulifikia? Kuna kitu gani cha hatari jirani yake? Kuna njia nyingine, na tusipofanya chochote itakuwaje? Kuuliza si ujinga, na daktari mzuri hachukizwi na swali.

Kisha rudia kwa maneno yako mwenyewe ulichokisikia. Mwambie, "Daktari, nimeelewa hivi, nisahihishe nikikosea." Hapo ndipo kutoelewana hujitokeza mapema, wakati bado kunarekebishika.

Mwandae mtoto kwa kipimo. Mweleze kuwa mashine ina kelele lakini haiumizi. Cheza naye nyumbani mchezo wa kulala tuli huku ukihesabu hadi 100. Kabla ya MRI vua kila cha chuma: hereni, cheni, pini, mkanda. Sema kama kuna chuma kilichowekwa mwilini. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ana mimba, aseme kabla ya eksirei au CT-Scan.

Teknolojia hii inashuka bei na inakua haraka, na kasha la karatasi lilikwisha kuonyesha kuwa haihitaji mamilioni kuanza. Itakapofika kwako, itakukuta tayari ukijua cha kuuliza. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaendelea na safu yetu.